Karanga za Nyumbani

Taarifa iliingia saa tatu asubuhi, kabla hata chai ya ofisi haijachemka. Ilitoka nchi jirani, kupitia ule mtandao ambao nchi tatu zilikubaliana kuutumia kuonyana pale chakula kibaya kinapovuka mpaka. Kwa kawaida taarifa za namna hiyo zilihusu shehena za mchele au maziwa ya unga, mambo ya watu wakubwa wenye mawakili. Hii ilihusu kopo moja la siagi ya karanga.

Mkaguzi aliisoma huku akimenya yai la kuchemsha. Kopo limenunuliwa katika duka dogo upande wa pili wa mpaka. Limepimwa maabara na kukutwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Mzalishaji atafutwe, kazi yake isimamishwe, na kaya zinazokula bidhaa hiyo zihojiwe kwa ajili ya tathmini ya hatari. Chini kabisa palikuwa na picha. Lebo ya kopo ilikuwa ya njano, na juu yake karanga mbili zilizochorwa na mtu asiyejua kuchora.

Akaliweka yai chini. Karanga zile alizichora yeye, juu ya meza ya chakula ya dada yake, siku waliyokuwa wakicheka mpaka kalamu inateleza.

"Unamjua huyu?" Mkuu wake wa kazi aliuliza, ameinama juu ya bega lake.

"Ni dada yangu."

"Dada wa ukoo, au dada hasa?"

"Tumbo moja. Ndiye aliyenilea."

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi. "Pole sana. Lakini mwaka jana si tulikusanya sampuli kwa wasagaji wadogo wote? Zake zilisemaje?"

Daftari lilikuwa pale pale mezani. Mkaguzi alilifungua, ingawa alijua kilichoandikwa, maana mwandiko ulikuwa wake. Safi. Hakuna tatizo.

"Zilikuwa safi," akasema.

Hakukuwa na sampuli. Mwezi wa nne mwaka uliopita, nchi zote tatu zilipokubaliana kupima kwa pamoja, alikwenda kwa dada yake na mkoba wa vichupa, akakuta wateja wamejaa uani. Akaona aibu kumsimamisha dada mbele ya watu kana kwamba anamshuku. Akanywa chai, akaongea na shemeji, akarudi ofisini na vichupa vitupu. Mstari wa daftari akaujaza akiwa njiani.

"Basi mambo yamegeuka ndani ya mwaka," Mkuu alisema. "Mtaalamu wao anafika leo mchana kwa ajili ya yale mahojiano. Nimpe mwenzako ampeleke?"

"Nitakwenda mwenyewe, Mkuu. Dada akiona mgeni asiyemjua, presha itampanda."

*

Walimkuta uani, nyuma ya nyumba, mashine ya kusagia ikinguruma na hewa yote ikinukia karanga za moto. Wanawake wawili aliowaajiri walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichambua. Mlangoni wateja watatu walisubiri na makopo yao matupu.

"Haa, mdogo wangu!" Dada alipaza sauti juu ya mngurumo. "Mchana kweupe namna hii? Wamekufukuza kazi?"

Wateja wakacheka. Mkaguzi alijaribu kucheka nao, mdomo ukakataa.

"Dada, zima mashine kwanza."

"Nizime nini, humu ndani mna mali ya watu."

"Zima, dada. Tafadhali."

Ni lile "tafadhali" lililomfanya azime. Kati yao wawili neno hilo halikuwa na kazi. Alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama Mtaalamu, mwanamke mrefu wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mzito begani, kisha akamtazama mdogo wake. Mkaguzi akaeleza. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini uani kulikuwa kimya na kila mtu akasikia.

"Sumu?" Dada aliuliza. "Mimi niwatilie watu sumu?"

"Hukutia wewe, mama," Mtaalamu alisema. "Ni ukungu. Karanga zikipata unyevu baada ya kuvunwa, ukungu unaota na kuacha sumu ndani. Haina harufu, haina ladha. Hata ukikaanga haiondoki."

"Msimu ule mvua zilitukuta tumeanika," mmoja wa wachambuaji alisema polepole, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Mteja wa kwanza, jirani mwenye watoto mapacha, alilitazama kopo lililokuwa mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Hakulirudisha mkononi kwa Dada. Aliliweka chini, katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wanangu wanalamba hii kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi! Na wewe unanipa na ya nyongeza, unasema ya watoto."

"Jirani, wallahi sikujua."

"Sasa unajua." Akaondoka. Wengine wawili wakamfuata, mmoja akiwa tayari amebandika simu sikioni.

Mkaguzi alitoa waya na lakiri ya ofisi ili aifunge mashine. Waya ukamponyoka mara mbili. Dada alimwangalia akihangaika, mwishowe akapiga goti kando yake.

"Lete. Pitisha huku, kwenye mpini," akasema. "Huko itafunguka." Akaushika waya kwa vidole vyake vyenye mafuta mpaka lakiri ikabana.

*

Mahojiano yalifanyika sebuleni, kwa sababu Fundi, mume wa Dada, hakuweza tena kutoka. Alikuwa seremala, mtu wa mabega mapana, lakini sasa mabega yalikuwa yamebaki mifupa na tumbo limevimba kama la mjamzito. Macho yake yalikuwa ya manjano. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani wiki tano zilizopita. Walisema ni ini, na kwamba wamechelewa. Alilala kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, miguu imeinuliwa juu ya mito.

"Shemeji, umetuletea mgeni na hukusema," akamwambia Mkaguzi. "Ningevaa suruali ya heshima."

Mtaalamu alitabasamu, akatoa fomu, kikombe cha kupimia na mizani ndogo. Alieleza kwamba nchi tatu zinataka kujua watu wanakula karanga kiasi gani, kwa muda gani, ili zikubaliane kiwango kimoja cha kulinda wote. Kila nyumba ingepewa namba. Majina yasingetangazwa.

"Siagi, kwa siku, vijiko vingapi?"

"Andika sita," Fundi alisema. "Siku mke wangu akiwa na furaha, saba. Mimi ndiye muonjaji mkuu hapa. Hakitoki kitu mpaka nikilambe."

"Kwa miaka mingapi?"

"Tangu mashine ifike. Kumi na mitatu. Au kumi na minne, mke wangu?"

"Kumi na mitatu," Dada alisema. Alikuwa amekaa wima kwenye ncha ya kiti, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Mtaalamu alipima kijiko, akaandika. "Karanga mbovu mnazochambua, mnazipeleka wapi?"

Hapo Dada alipata nguvu. Hilo lilikuwa swali analolijua, na jibu lake lilikuwa heshima yake yote. "Mama, mimi mbovu siuzi. Muulize yeyote. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye madoa, zote natoa. Za dukani ni za dukani, za nyumbani ni za nyumbani."

"Za nyumbani mnazifanyia nini?"

"Tunakula wenyewe. Kutupa chakula sijafundishwa. Nazikaanga kwa chumvi, nazitia kwenye bakuli. Mimi meno hayanisaidii, lakini mwenzangu huyu anazipenda kufa. Jioni akikaa na gazeti lake, bakuli zima."

"Bakuli lipi?"

Dada aliinuka, akalileta. Lilikuwa la bati, limechakaa pembeni. Mtaalamu alilipokea kwa mikono miwili. Hakulipima mara moja. Mkaguzi, aliyekuwa amesimama dirishani, aliona kalamu ikiwa imegusa karatasi bila kwenda popote, na alama ya wino ikitanuka. Alijua Mtaalamu anachokijua. Karanga zilizosinyaa na zenye madoa ndizo zinazobeba sumu nyingi kuliko zote. Mwanamke huyu kwa uaminifu wake alikuwa amewaondolea wateja zile mbaya kabisa, akampa mumewe.

"Mbona umenyamaza?" Dada aliuliza.

"Naandika, mama."

"Huandiki."

Fundi aligeuza kichwa, akamtazama mkewe, kisha bakuli, kisha Mkaguzi. Hakuwa mjinga. "Mke wangu," akasema, "mletee mgeni maji ya kunywa. Jua ni kali."

*

Maji Dada aliyaleta, lakini Mtaalamu alipoaga alimfuata mpaka getini, aproni bado kiunoni.

"Niambie kweli," akasema. "Wewe umesoma. Ni karanga zangu?"

Mtaalamu aliuweka mkoba chini. "Mama, sumukuvu inaharibu ini. Hilo tunalijua. Lakini ini linaharibiwa na mambo mengi: virusi, pombe, kurithi."

"Hanywi pombe."

"Ninachoweza kukuambia ni kwamba katika watu laki moja wanaokula kiasi fulani kwa miaka fulani, wataugua kadhaa. Hesabu zetu zinawaona wale laki moja. Mmoja haziwezi kumwona."

"Mimi sina laki moja," Dada alisema. "Nina mmoja."

 Mtaalamu akaushika mkono wa Dada kwa muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji, kisha akapanda gari. Mkaguzi alikaa nyuma ya usukani na hakuweza kugeuza ufunguo.

"Kuna jambo?" Mtaalamu alimuuliza.

"Hapana," akasema. "Twende."

Fundi hakumaliza mwezi. Siku tatu kabla ya kufa, Mkaguzi alipokuwa akimsaidia kugeuka, Fundi alimshika kifundo cha mkono.

"Shemeji. Ile siku ya mwaka jana uliyokuja na vichupa. Ukaondoka navyo hivyo hivyo."

Mkaguzi akamwekea sawa mto.

"Nilikuona. Mimi mwenyewe nilikwambia, kaa unywe chai, usimsumbue dada yako. Kwa hiyo tuko wawili." Alipumzika, akavuta pumzi. "Usimwambie. Ana mzigo wa kumtosha."

*

Baada ya mazishi Dada aliacha kula. Si kwamba alikataa, ila hakumaliza kukagua. Alimwaga mchele kwenye ungo, akautazama punje moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akatupa hii, akatupa ile, mpaka ikabaki konzi moja, na hiyo nayo akaitilia shaka. Maharage vilevile. Wanawake waliokuja kumpa pole walimwona hivyo, wakapunguza kuja. Wengine hawakuja kabisa tangu habari za kopo zilipoenea. Jirani mwenye mapacha alituma salamu kwa mtu mwingine, akapeleka watoto wake wakapimwe, na walipokutwa wazima bado hakupita tena njia ile.

"Mimi ndiye niliyemuua," Dada aliwaambia wote, bila kulia, kama mtu anayetaja umri wake. "Nilimkaangia mwenyewe. Kwa chumvi."

Mkaguzi alikuja kila siku baada ya kazi, akakaa kando ya ungo. Dada na Fundi hawakujaliwa mtoto. Wazazi walipokufa, Mkaguzi akiwa na miaka sita, ni hawa wawili waliompa kitanda, sare na jina la baba wa kuandika kwenye fomu za shule. Siku ya kumi na nane hakuweza tena kuvumilia kuona vile vidole vikitafuta kosa kwenye punje.

"Dada, acha. Si wewe peke yako."

"Nani mwingine aliyeshika kikaango?"

"Mwaka jana nilitakiwa nichukue karanga zako zikapimwe. Mwezi wa nne. Nchi zote tatu zilikuwa zinapima. Sikuchukua. Niliona aibu kukupima. Nikaandika kwamba ni safi."

Vidole vilisimama. Uani kulikuwa na jogoo wa mtu akiparura majani makavu.

"Uliandika kwamba ni safi."

"Ndiyo."

"Mwezi wa nne mwaka jana mume wangu alikuwa anapandisha mbao darini peke yake."

"Dada, daktari anasema ugonjwa ule hujengeka miaka mingi. Hata ningechukua, pengine—"

"Pengine." Alilitamka neno hilo kana kwamba anaonja kama limeharibika. "Wiki zote hizi nimelala na kuamka nikijiita muuaji. Nimemwogesha nikijiita muuaji. Nimemzika. Na wewe umekaa hapo unaniangalia nachambua mchele."

"Shemeji aliniambia nisikwambie."

"Alijua?"

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kumpunguzia, na sasa aliona amemnyang'anya na kile kidogo kilichobaki.

Dada aliinuka, akaukung'uta ungo, mchele wote ukamwagika chini. Hakupiga kelele.

"Nilikuuliza siku ile uani kama nimewatilia watu sumu," akasema. "Ukaniacha nikapiga goti, nikakufungia waya wako." Alifungua mlango wa mbele, akasimama pembeni yake. "Nenda. Kuanzia leo ukija nyumba hii, uje na barua ya ofisi."

Barabarani jirani mmoja alimuuliza hali ya dada yake. "Hajambo," akasema, na akaendelea kutembea.

*

Mkutano wa nchi tatu ulifanyika miezi saba baadaye, katika ukumbi wa hoteli wenye mazulia na vipaza sauti vidogo mbele ya kila kiti. Kaya chache zilizohojiwa zilialikwa. Mkaguzi alikuwa mezani na ujumbe wa nchi yake alipomwona Dada akiingia, amevaa nguo nyeusi na viatu vilivyong'arishwa. Amekonda, lakini anatembea. Alikaa safu ya nyuma. Hakumtafuta mtu kwa macho.

Mtaalamu alisoma matokeo. Nyumba za wasagaji wenyewe zilikuwa na hatari kubwa kuliko za wateja wao, kwa sababu ya zile karanga wanazochambua na kubakiza. Hilo halikuwa limeonekana katika nchi yoyote mpaka walipounganisha hesabu. Wangependekeza zinunuliwe na kuteketezwa, ili hakuna anayelazimika kuchagua kati ya kutupa na kula. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama wageni wana la kusema.

Dada alisimama. Alipewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo, akaambiwa akisogeze.

"Mimi ni msagaji," akasema. "Nina swali moja. Mkaguzi akitumwa nyumba kumi akaruka moja, ile moja inaandikwa wapi kwenye hesabu zenu?"

Mtaalamu alifikiri. "Inategemea, mama. Akisema ameiruka, tunaacha nafasi wazi na tunajua hatujui. Asiposema, hatuna njia ya kuona."

"Asante." Akabaki amesimama. Hakumtaja mtu. Hakumtazama mtu.

Mkaguzi alikitazama kitufe cha kipaza sauti chake. Mkuu wake, kushoto, alikuwa akiandika jambo. Mkaguzi angeweza kukaa hivyo hivyo, mwenyekiti angeshukuru, watu wangekwenda kwenye chakula cha mchana. Alibonyeza kile kitufe, taa nyekundu ikawaka.

"Mwenyekiti, nyumba ya mama huyu niliiruka mimi. Mwaka jana, mwezi wa nne. Niliandika kwamba ni safi. Si kweli. Naomba neno hilo lifutwe."

Kalamu ya Mkuu ikasimama. Wakalimani, kwenye kibanda chao cha kioo, walimaliza sentensi sekunde mbili baadaye kwa lugha nyingine, na vichwa vya upande wa pili wa ukumbi vikageuka vyote kwa pamoja.

Kazi aliipoteza. Lakini hiyo ilikuja baada ya wiki tatu, kwa barua. Siku ile ile, wakati wa mapumziko, Mtaalamu alimwita kwenye meza ndogo kando ya mlango. Alikuwa amechapa upya ukurasa wa kaya ile, na pale palipoandikwa "safi" paliachwa wazi. Ulihitaji sahihi mbili: ya mkaguzi, na ya mkuu wa kaya.

Dada alikuwa tayari ameketi. Alisoma ukurasa wote, kidole kikifuata mstari. Mwanaume, miaka hamsini na tisa, seremala, mlaji wa kiwango cha juu, amefariki. Alirudia mstari huo. Kisha, mahali pa mkuu wa kaya, akaandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akasukuma karatasi na kalamu upande wa pili wa meza.

Mkaguzi aliinama. Herufi ya kwanza ikapinda.

"Andika vizuri," Dada alisema, macho yake yakiwa kwenye karatasi. "Isomeke."

Akaandika polepole, herufi moja moja. Alipoinua kichwa, Dada alikuwa ameshachukua mkoba wake na anaelekea mlangoni.